Flickr kwa anayetaka picha yake ikosolewe

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida humfikia mwenzako ikiwa imebanwa, na maelezo ya kamera yamefutwa. Anayeikosoa anabaki kubahatisha: huu ukungu ni wa mkono kutikisika, wa fokasi, au wa kubanwa kwenyewe? Flickr, mtandao wa kuweka na kuonyeshana picha, inakata ubishi huo. Inapokea picha hadi MB 200, na chini yake inaonyesha kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na urefu wa fokasi wa lenzi.

Chukua picha ya pantoni ya Kigamboni wakati wa magharibi. Ivute karibu. Taa za ufukweni zikiwa zote na mkia wa kuelekea upande mmoja, mkono umetikisika. Taa zikiwa kali lakini pantoni imeyeyuka, basi ni pantoni iliyotembea. Kila kitu kikiwa laini bila mkia wowote, fokasi imekosea. Sasa shuka kwenye maelezo: 1/8 ya sekunde, f/8, ISO 100. Dawa unaiona hapo hapo. Kufungua tundu hadi f/2.8 (namba ikishuka, tundu linapanuka) kunakupa 1/60. Ukipandisha na ISO hadi 400 unafika 1/250, na pantoni inatulia. Chengachenga zitaongezeka kidogo kwenye vivuli, lakini hizo zinapunguzwa wakati wa kuhariri. Picha iliyotikisika ni vigumu kuitibu.

Ukifungua kwa kompyuta, unaweza pia kuchora kisanduku juu ya picha na kuandika neno lako pale pale: hapa anga limeungua kwa mwanga, hapa nguzo inachomoza kichwani mwa mtu. Mkosoaji hana haja ya kueleza "kule kushoto, juu kidogo ya mnazi".

Kwa hayo nyota nne ni halali yake. Ya tano imepotelea kwenye maoni. Maua utapewa mengi, "nice shot" na vibandiko vinavyometameta, na hakuna hata kimoja kitakachokunyooshea upeo wa bahari uliolala upande. Ukosoaji uko ndani ya vikundi, na si vyote. Tafuta chenye sharti kwamba ukiweka picha moja, utoe maoni kwenye mbili za wenzako, na kabla ya kujiunga angalia tarehe ya mjadala wa mwisho, kwa sababu vikundi vingi vimebaki magofu. Halafu usiulize "mnaionaje?" Uliza jambo moja: "Upeo umepita katikati, nikate anga au maji?" Swali jembamba hupata jibu lenye nyama. Lugha inayotawala ni Kiingereza, ila maswali ya namna hiyo yanahitaji maneno machache tu.

Hifadhi picha katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, kabla ya kuipakia; ya Adobe RGB huweza kuonekana imepauka kwenye baadhi ya skrini. Kwa kuokoa bando, upande mrefu wa pikseli 2048 unatosha kukosolewa mpangilio na mwanga. Kukagua ukali kunahitaji faili zima.

Akaunti ya bure ilibanwa baada ya kampuni ya SmugMug kuinunua Flickr mwaka 2018: mwisho picha 1,000, na za faragha 50 tu. Kwa mwanafunzi wa picha hiyo ni nafasi tele, maana anayepakia picha 40 za machweo yale yale hatafuti kukosolewa. Anayelipia Pro, akaunti ya kulipia, akaja kuacha ajue kwamba zinazozidi 1,000 ziko hatarini kufutwa, kwa hiyo Flickr isiwe ghala lako pekee.

Na simu nyingi hubandika GPS kwenye picha. Kabla ya kupakia picha ya kiota cha tai au ya faru, ondoa mahali. Kwa picha za nyumbani, mipangilio ya Flickr ina uzio wa ramani unaoficha eneo utakalolichora.