Uzoefu wangu na rafu ya vitabu ya chipubodi sebuleni, mwaka wa pili sasa

Ninayoizungumzia ni rafu ya wazi, haina milango, inauzwa ikiwa vipande ndani ya boksi. Kimo sentimita 202, upana 80, kina 28. Mbao ni chipubodi ya milimita 18, na ubao wa nyuma ni hadibodi ya milimita 3. Mbao za kuwekea vitabu ni sita: ya chini kabisa na ya katikati zinafungwa kwa skrubu, nne zilizobaki zinakalia vigingi vidogo vya chuma na unaweza kuzipandisha au kuzishusha. Ninazo mbili zimesimama bega kwa bega, zimebeba vitabu vya watu wazima, vya shule, vya watoto wadogo, picha za familia na vikorokoro vingine vya sebuleni.

Ni rafu nzuri kwa anayejua inabeba kiasi gani. Asiyejua ataipamba ipendeze wiki ya kwanza, halafu baada ya miezi kadhaa atakuta mbao zimebonyea kama kitanda cha kamba.

Kuunganisha ni kazi ya watu wawili, saa moja na nusu hivi kwa kila rafu. Zile kufuli ndogo za chuma za kuzungusha nusu mzunguko kaza kwa bisibisi ya mkono, si kwa drili. Chipubodi ni chembe za mbao na gundi tu. Tundu likishasagika, chuma hakishiki tena. Kabla ya kugongea ubao wa nyuma, pima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja kisha wa pili. Kwa ukubwa huu kila mshazari unatoka kama sentimita 217. Tofauti ikizidi milimita 3, rafu imekaa upande. Sukuma kidogo ile pembe yenye mshazari mrefu hadi vipimo vilingane, ndipo ugonge misumari. Hadibodi ile nyembamba ndiyo inayozuia rafu isiyumbe kushoto na kulia, kwa hiyo misumari iwe kila baada ya sentimita 10. Iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa michache mno kwa nafasi hiyo, na hapo namlaumu mtengenezaji.

Kuifunga ukutani si hiari kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto hukanyaga ubao wa pili kama ngazi, na rafu ya kina cha sentimita 28 yenye kimo cha mita mbili huanguka mbele upesi. Kwa ukuta wa tofali au zege nimetumia keekee ya milimita 8, plagi ya plastiki ya milimita 8 na skrubu nene ya milimita 5 yenye urefu wa 60, kwenye vyuma viwili vya pembe kila rafu. Skatingi, ule ukanda unaopita chini ya ukuta juu ya sakafu, itakusumbua: inaisukuma rafu mbele, juu kunabaki mwanya wa sentimita moja au zaidi. Usiukaze mwanya huo kwa nguvu ya skrubu, utaipinda rafu. Weka kipande cha mbao chenye unene uleule kati ya rafu na ukuta, kisha ndiyo ukaze. Mwanya wenyewe una faida, hewa inapita na unyevu wa ukuta haufiki kwenye vitabu.

Sasa uzito, ambao ndio kiini cha mambo yote. Ukitoa mbavu mbili za pembeni, ndani unabaki na sentimita 76.4. Hapo vinaingia vitabu kama 30 vya unene wa kawaida. Nilivipima kwa mizani: ubao uliojaa riwaya za jalada laini ulifika kilo 14, ubao wa kamusi na vitabu vya kiada vya jalada gumu ulifika kilo 27. Nikavuta uzi kutoka ubavu hadi ubavu na kupima katikati. Wa riwaya ulikuwa umeshuka milimita 2 na nusu, wa kamusi milimita 5. Baada ya miezi minane wa kamusi ulikuwa umefika 9, bila kitabu hata kimoja kuongezwa. Hiyo ndiyo tabia ya chipubodi: mzigo ukikaa juu yake muda mrefu, inaendelea kushuka polepole, na ukiuondoa hairudi yote.

Urefu wa ubao ndio unaoumiza kuliko watu wanavyodhani. Kwa vitabu vya aina ileile, ubao wa sentimita 60 unashuka karibu theluthi moja tu ya ule wa 80. Unene nao una nguvu: ubao wa milimita 25 ungeshuka chini ya nusu ya huu wa 18. Kwa hiyo ukiwa dukani, soma unene na upana kabla ya kuangalia rangi.

Dawa niliyoitumia ni ufito wa mbao ngumu, unene sentimita 2 na kimo sentimita 4, umesimamishwa kwa ubavu wake chini ya ukingo wa mbele. Toa vitabu vyote, geuza ubao ili upande uliobonyea uwe chini, paka gundi ya mbao, kisha piga skrubu tano za milimita 50 kutokea chini. Toboa njia kwanza. Milimita 40 zinapita kwenye ufito, 10 tu zinaingia kwenye ubao, kwa hiyo hazitokezi juu. Ubao ule wa kilo 27 sasa unashuka milimita 2, na ufito uliopakwa rangi ya rafu unaonekana kama urembo wa makusudi. Kugeuza ubao peke yake kunasaidia, lakini kwa miezi tu.

Upambaji wangu wote unafuata hesabu hiyo. Kitu kizito kikikaa katikati ya ubao, kinaushusha mara 1.6 kuliko uzito uleule ukisambazwa ubao mzima. Basi vitabu vizito vinakaa pembeni, karibu na mbavu, na katikati ndipo penye picha ya familia, kikapu chepesi au nafasi tupu. Naacha kama robo ya kila ubao bila vitabu. Jicho linapumzika, na ubao nao unapumzika. Penye nafasi weka kizuizi cha chuma chenye umbo la L, ulimi wake upite chini ya vitabu. Kitabu kinachoegemea kwa mshazari hupinda mgongo na kurasa zake huanza kuachia. Vikubwa sana vilaze, visizidi vitatu, maana hakuna anayechomoa cha nne kutoka chini.

Vitabu visisukumwe hadi nyuma kabisa. Vivute mbele, migongo yote isimame sentimita 2 ndani ya ukingo, vipana na vyembamba kwa mstari mmoja. Badiliko hili dogo ndilo lililoipa rafu sura ya kupangwa, nalo halikugharimu kitu.

Ubao wa chini kabisa haushuki, kwa sababu mbele yake kuna kipande cha ubao kinachosimama juu ya sakafu na kuubeba. Kila kizito kinautaka, na watoto nao wanautaka. Nimegawa: rafu ya kulia, chini ni kamusi na majalada ya A4, ya kushoto, chini ni vitabu vya picha, vinne au vitano vikitazama mbele kwa jalada na vingine ndani ya kikapu. Mtoto asiyejua kusoma hakitambui kitabu kwa mgongo. Nafasi ya chini nimeipa sentimita 36, kwa kuwa A4 ina kimo cha 29.7 na vitabu vingi vya watoto hukaribia hapo. Nafasi za juu ya ubao wa katikati nimeziacha 24 kwa riwaya, ili sentimita mbili au tatu zibaki za kuingiza kidole. Bila mwanya huo watu huvuta kwa kichwa cha mgongo, na hapo ndipo jalada hupasuka.

Kupanga kwa rangi sikushauri kwa sebule ya familia. Mfululizo mmoja unatawanyika sehemu nne, na mtoto hajui arudishe wapi. Ubao mmoja wa usawa wa macho unatosha kwa mchezo huo. Dirisha likiwa mkabala, jua litavipausha vitabu. Nyekundu na njano hutangulia, buluu huvumilia.

Mimea ya chungu nimeiondoa yote. Tone la maji likiingia kwenye ukingo wa chipubodi, ukingo unavimba na hausinyai tena. Alama moja ninayo kwenye rafu ya kushoto, upana wa kidole.

Kwa nafasi iliyobaki ukutani sitaongeza ya 80. Nitaweka ya sentimita 40, na kamusi zote zitahamia huko.