Waya au breidi kwa kurambaza? Tazama kipindo hiki kabla hujanunua

Haya, karibuni tena wapenzi wa mshipi. Leo mezani nina vitu viwili tu. Kushoto rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, iliyojaa waya wa stenlesi, kulia rili iliyojaa breidi, ule mshipi wa kusuka. Kila nikifungua maoni yenu nakuta swali lilelile: nikitoka kwenda kurambaza bahari kuu, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, nivute kwa kipi? Nilikuwa na jibu langu la siku zote. Halafu safari iliyopita waya ukanikatikia samaki akiwa hatua chache kutoka chomboni, na nikasema hili siwasimulii kwa mdomo, nawaonyesha.

Unene na kilo vimeandikwa kwenye kibandiko, someni wenyewe. Twende kwenye kinachouma.

Mdogo wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapohapo. Mnauona waya? Umenyooka, unang'aa, hauna kasoro. Nimevaa glavu, na ninyi mvae, na msithubutu kuuzungusha kiganjani hata mara moja, samaki akivuta unaondoka na vidole. Sasa naulegeza kidogo tu, kama pale chombo kinapoteremka wimbi, au unapoachia rili bila kidole gumba juu ya ngoma yake, pale mshipi unapojikunja. Umeona? Unajipinda wenyewe, unafanya kitanzi kama pete. Hapa bado hujapoteza kitu. Ukikiwahi, unakifungua taratibu kwa kukirudisha kilikotoka, unaendelea na kazi. Lakini samaki hana subira hiyo. Anavuta, hivi... mmesikia? Tik! Kitanzi kimefunga, kimekuwa kona kali. Hicho ndicho kipindo.

Naunyoosha kwa koleo. Kwa macho umenyooka, sivyo? Pitisha ukucha hapa, utahisi kijibonde. Naukunja tena mara moja, mara mbili... basi, umekatika! Waya uleule ambao dakika moja iliyopita ungembeba jodari wa maana. Ndiyo maana nasema kipindo hakinyooshwi. Kata, tupa, unga upya. Mimi safari ile niliunyoosha nikajiambia utafika jioni. Haukufika hata saa sita.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo, mbona watu wazima wenye akili zao bado wanaupenda? Kwa sababu unazama! Chuma kina uzito karibu mara 8 ya maji. Kuna waya wa moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba, huo unakaribia mara 9, tena ni laini, haurukiruki kama stenlesi, ingawa kwa unene uleule stenlesi ina nguvu zaidi. Kadirio la wavuvi wa waya ni kwamba kila mita 10 ulizotoa zinakushusha kama mita 1, ukitembea polepole, tuseme maili 3 za baharini kwa saa. Toa mita 100, chambo chako kiko kama mita 10 chini bila chubwi wala kamba ya pili. Ukiongeza mwendo kinapanda, kwa hiyo usimlaumu waya, laumu mkono wako kwenye injini.

Na ule mtetemo, jamani. Chambo kikicheza chini unausikia kwenye rodi, ile fimbo ya kuvulia, na nyasi ikinasa mtetemo unakufa papo hapo, unajua urudishe ukasafishe.

Ingawa, ngoja, niseme haki: breidi nayo inakupa mtetemo huo, kwa sababu haivutiki. Shida yake ni kwamba imetengenezwa kwa polietilini, ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Yenyewe haikushushi popote. Lakini ni nyembamba, inakata maji, kwa hiyo chambo chenye ulimi wa kuzamia kitakwenda chini zaidi kuliko ungekivuta kwa nailoni nene. Na ukitaka kina zaidi, weka chubwi, au ule ubao wa kuzamisha unaovutwa na maji mpaka samaki agonge ndipo ulegee na kupanda juu. Kuna pia mshipi wenye risasi ndani ya msuko, nao una watu wake, ila sijauvutia vya kutosha kuusemea.

Kabla sijasahau: video ijayo ni ya breidi ile yenye uwazi ndani, namna ya kuingiza nailoni katikati yake bila fundo. Mliiomba sana. Bonyeza kengele isikupite.

Turudi. Kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii, na limenigharimu. Waya ni msumeno. Ukiupitisha kwenye pete za kawaida za rodi unachimba mfereji. Leta kamera kwenye pete hii ya ncha. Ule mstari mwembamba mnauona? Huo umechorwa na waya. Mimi nikautoa waya, nikafunga breidi kwenye rodi hiihii, nikaenda zangu baharini. Breidi ikawa inasugua kwenye mfereji ule ikitoka manyoya kidogo kidogo, na alipokuja nguru mzuri ikakatika kama uzi wa kushonea. Nililaumu breidi wiki nzima kabla sijaiangalia pete! Kwa hiyo rodi ya waya iwe ya waya tu, na ncha yake iwe na gurudumu au pete ya kabaidi, ile ngumu sana.

Na hapo ndipo bei inapogeuka. Ukitazama mshipi peke yake waya unaweza kukupendeza. Ongeza rodi yake na rili yenye ngoma ya chuma, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Breidi unainunua kwa maumivu, lakini mbele ikichoka unaigeuza, ya nyuma inakuja mbele, unaanza upya. Anza na nailoni kidogo kwenye ngoma, la sivyo breidi yote itazunguka bila kushika na utadhani breki ya rili imekufa.

Anayewinda rekodi asijisumbue na waya: IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa mshipi, hawaukubali uwe mshipi mkuu. Kipande cha mbele ya ndoana wanaruhusu.

Na hapo mbele ndipo mimi nauweka waya siku hizi. Mshipi mkuu breidi, kisha mita 20 au 30 za nailoni ili kuwe na kitu cha kunyumbuka samaki akigonga, maana breki ikiwa kali breidi inachana mdomo. Mwisho kabisa kipande kifupi cha waya kwa ajili ya meno ya nguru, wahoo na mzia. Nina waya mzima kwenye rili moja tu, na naushusha pale ninapokuwa na mtu wa pili wa kushika usukani, mikono yangu ikae kwenye ngoma.

Hebu nifunge kipande kimoja mbele yenu. Napitisha waya kwenye tundu la ndoana, nashika ncha zote mbili, nazisokota pamoja, zote mbili, isiwe moja inazunguka nyingine iliyonyooka, itateleza. Mizunguko kama mitano hivi. Sasa ncha fupi naizungusha kwa mkao wa wima, imebanana kama springi. Hapa msikate kwa koleo! Koleo linaacha mwiba utakaokuchana kidole. Ikunje ncha iwe kama mkono wa kuzungushia, zungusha upande mmoja, rudisha... imekatika. Pitisha kidole. Laini kabisa. Tuandikie kwenye maoni wewe unavuta kwa kipi, na tukutane kwenye ile ya breidi yenye uwazi.