Boti ya familia kwa mkazi wa Dodoma: nunua ya Novemba, usinunue ya Mei

Kila mwaka mvua zikishakatika, ikifika mwezi wa tano, simu yangu huanza kuita. Anayepiga ametoka bwawa la Mtera Jumapili. Kala perege wa kukaanga kando ya barabara, kaona maji yamejaa mpaka kwenye majani, watoto wamemlilia waingie ndani, na sasa anataka boti. "Kaka, ninunue ipi?" Kabla ya yote namuuliza: umewahi kufika pale Novemba? Karibu wote hawajafika.

Novemba moja niliegesha gari palepale nilipozoea kushushia boti mwezi wa tano, nikatembea dakika ishirini na tano kuyafuata maji. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vya ukubwa wa sinia. Visiki vya miti iliyozama tangu bwawa lijengwe vilikuwa vimesimama nje, vikavu, na mita hamsini za mwisho mguu ulizama hadi gotini. Bwawa hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuitunzia maji mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu 1988 lina mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Kazi yake ni umeme. Wavuvi na sisi wa matembezi tumedandia tu. Likijaa, maji yanasimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo inaweza kuyashusha hadi mita 690. Ukiyatazama kwenye ukuta wa bwawa, mita nane na nusu ni kidogo. Huku kwenye kingo tambarare ni mwendo wa kutoa jasho.

Kwa hiyo boti nitazipanga kwa maswali ya Novemba. Je, watu wanne wataifikisha majini? Ikigonga kisiki, itaturudisha? Mwezi wa tano boti yoyote inapendeza.

Ninayoizungumzia ni ya familia: watu wazima wawili au watatu, watoto watatu, kreti ya soda, ndoo ya chambo. Hiyo ni boti ya mita 4.5 hadi 5.5. Na maji ninayoyafikiria ni ya Mtera kwanza, kisha Hombolo, kilomita kama 40 kutoka mjini, bwawa la 1957 ambalo mchanga umelipunguzia kina. Sulunga, kule Bahi, sitakushauri ulinunulie chombo, maana mvua zikiwa haba ziwa hilo hukauka. Ukiwa Singida, maziwa ya Kindai na Singidani yana maji ya chumvi, na chumvi nitairudia kwenye mashine.

Ya kwanza: alumini yenye tumbo la V kidogo

Hii ndiyo ninayoitumia sasa, kwa hiyo chukulia kwamba naipendelea. Gamba lake bila mashine huwa kilo 150 hadi 200 hivi. Watu wanne wanalinyanyua, na tope likizidi unalaza mabomba ya plastiki chini na kulivingirisha juu yake kama gogo. Kisiki kikiipiga inabonyea tu, wakati faiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo) ingechubuka na ubao ungepasuka. Yangu ina mabonde matatu tumboni na haijawahi kuvuja.

Tumbo liwe na V, lakini V ndogo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa mashariki hukaza kila alasiri, na Mtera ni pana kiasi cha kufanya mawimbi ya kweli. Tumbo bapa kabisa litakupiga makofi njia nzima mpaka mama watoto aape kutorudi. V kali nayo inahitaji kina, na mkisimama kuvua inayumba. Upana usipungue mita 1.7.

Zipo za ribiti, yaani bati limeunganishwa kwa pini za kugongwa, na zipo za kuchomelewa. Ribiti ni nafuu, ila zikizeeka hulegea. Kupima ni rahisi: boti ikiwa juu ya tela, mwaga ndoo tano sita za maji ndani, pita chini na tochi, utaona tone linaponing'inia. Muuzaji akikataa maji yasimwagwe, umeshapata jibu. Za kuchomelewa ni imara zaidi, ila zikipasuka si kila fundi wa mageti anaziweza. Alumini ina mashine yake na gesi yake ya argoni. Tazama pia chini ya mabenchi kama kuna povu gumu lililojazwa, maana hilo ndilo linaloifanya boti ielee hata ikijaa maji.

Kasoro zake ni mbili. Ina kelele: koleo likidondoka, samaki wote wanajua mmefika. Na saa saba mchana benchi linaiva. Tandika mkeka kabla mtoto hajakaa na kaptula yake.

Ya pili: ya mbao, iliyoundwa palepale bwawani

Watu wa mjini huidharau, na wanakosea. Mafundi wa mialoni wanatengeneza vyombo vya mbao vya mita tano na zaidi, vyenye tezi, yaani ukuta wa nyuma wa chombo, lililokatwa wima ili lipokee mashine, kwa fedha ambazo hazifiki robo ya boti ya dukani. Fundi anayajua maji yale, anajua visiki vilipo, na ubao ukivunjika leo anaubadilisha kesho. Ni nzito, haitikisiki ovyo, mnaweza kusimama wawili upande mmoja mkivuta kambale.

Shida yake ni hali ya hewa yetu. Nilimkuta mzee mmoja akisukumiza pamba kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, nikamwambia nataka chombo kama hicho nikakiweke nyumbani Kisasa, mtaa wa Dodoma mjini, niwe nakileta kwa gari. Aliacha kazi akanitazama.

"Kisasa kuna maji?"

"Hakuna, mzee."

"Basi usikinunue. Hiki si ngoma, mwanangu. Ngoma unaianika juani ikaze. Hiki ukikianika, kinalegea."

Ndivyo ilivyo. Ukiiacha uani Dodoma tangu Juni, hewa kavu itazinyonya mbao mpaka uone mwanga katikati yake. Ukiirudisha majini itavuja kama kapu kwa siku mbili, hadi mbao zivimbe na kubana tena. Chombo cha mbao kinaishi majini, kwa hiyo bei yake halisi ni pamoja na mlinzi wa mwaloni unayemlipa kila mwezi na kalafati, ile kazi ya kuziba mianya kwa pamba, ya kila mwaka. Kama una ndugu Mtera, au unakwenda kila wiki mbili, iweke hii namba moja na unisamehe. Mimi huenda mara moja kwa mwezi.

Ya tatu: faiba

Hapa nilipata hasara, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani faiba ni mfalme: mchanga laini, maji ya kutosha, chumvi haiiharibu. Niliinunua Dar es Salaam, ya mtumba, mita sita, nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni. Nikaivuta hadi Dodoma, na wiki iliyofuata nikashika barabara ya Iringa. Pamoja na mashine, mafuta na tela, mzigo ulikaribia tani. Kwenye matuta ya Mlowa Barabarani beringi ya tela ilianza kulia, tulipofika Fufu ikafa. Tulilala palepale tukimsubiri fundi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa nyuma. Ndani ya ukuta wa tezi, pale mashine inapong'ang'ania, faiba nyingi zina plaiwudi iliyofunikwa. Mwenye boti wa kwanza alitoboa matundu ya bolti bila kuyaziba vizuri, maji yakaingia miaka na miaka. Safari ya pili nikaona mashine inatikisa kichwa kila ninapoongeza moto. Fundi alipofungua bolti moja ya chini, yakatoka maji meusi kama chai ya rangi, halafu vipande vya mbao laini unavyoweza kuvifinya kwa vidole. Gharama ya kubomoa na kujenga tezi upya ilinimaliza hamu.

Ukitaka faiba, fanya nisichokifanya. Gonga tezi lote kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi. Sauti ikiwa kavu, ko ko, ni nzima; ikibadilika kuwa pu, kama unagonga boga lililooza, ondoka. Kisha inamisha mashine juu, bonyeza mguu wake kwa uzito wako, mwenzako aangalie tezi. Likicheza hata kidogo, usiongelee bei.

Na uzito unabaki palepale. Novemba hakuna watu wanne wa kuinyanyua.

Zilizobaki

Jukwaa juu ya maboya, lenye turubai na viti, ni tamu kwa sherehe. Kwa upepo wa alasiri ni tanga ambalo hukulitaka. Unaondoka vizuri, kurudi ni mashaka. Labda Hombolo, asubuhi.

Boti ya mpira ya kujaza upepo inavutia kwa sababu inaingia kwenye buti la gari. Lakini fikiria kilichozama mle: migunga, na miiba yake. Ongeza jua letu linaloyeyusha gundi ya maungio, na viboko wasiopenda wageni. Wenye gari dogo huinunua na mara nyingi huiuza ndani ya mwaka.

Spidiboti ya mtumba yenye injini ya ndani, ile yenye viti vya ngozi na redio: hapana.

Mashine

Bajeti yako igawe kabla hujaliona gamba. Mashine mpya huweza kula nusu ya fedha, na tela si kitu cha kumalizia na chenji.

Kwa alumini ya mita 4.5 na watu watatu, nguvu farasi 15 zinatosha. Familia kamili ikipanda utahitaji 25 au 30. Kumbuka tuko juu: injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda kutoka baharini. Mtera ni kama asilimia 7, Hombolo inafika 10. Mashine iliyosukuma boti vizuri pale Msasani, Dar es Salaam, hapa itakuwa na uvivu kidogo, hujauziwa mbovu.

Ya stroku mbili, kama Yamaha Enduro unazoziona kwa wavuvi kila mahali, ni nyepesi: ya 15 ina kilo 40 hivi, mtu mmoja anaibeba begani kuvuka tope. Vipuri vyake vipo na mafundi wanaijua gizani. Inakunywa, na unachanganya oili mwenyewe, kwa kawaida lita 1 kwa 50 za petroli, ila fuata kitabu chake. Ya stroku nne ya nguvu hizohizo ina kilo 50 na ushee, inakula kidogo na haipigi kelele. Mimi nina stroku mbili kwa sababu ya bega langu. Mwenye kijana mwenye nguvu nyumbani achukue stroku nne.

Pima kimo cha tezi kabla ya kulipa. Mguu mfupi ni wa tezi la inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na mguu mrefu kwenye tezi fupi utachimba visiki vyote vya bwawa. Ukienda mbele, acha kufuli ya kuinamisha ikiwa wazi, mashine ikigonga iruke juu yenyewe. Propela ya akiba na spana yake vikae botini, pamoja na kafi mbili. Na ukitoka kwenye maji ya chumvi, ipitishie mashine maji safi siku hiyohiyo.

Kabla ya kushusha

Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) tangu 2018, na uvuvi una sheria yake ya 2003, kwa hiyo pita pia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Mtera ina wenyeji zaidi ya mmoja: upande wetu ni Chamwino na Mpwapwa, ng'ambo ni Iringa. Uliza upande utakaoshushia.

Jaketi okozi ni la kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. La baba litamvuka kichwani. Vaa gambuti wakati wa kushusha boti, kichocho kiko kwenye maji ya kingoni. Kuogelea sahau, mamba wapo. Viboko wakiwa upande wa nchi kavu, usipite kati yao na maji ya kina, maana huko ndiko watakakokimbilia.

Ukiamua kununua ya mtumba, nenda Oktoba au Novemba. Wenye boti wamechoka kuzikokota kwenye tope, bei zimelegea, na utakuwa umeiona ikishushwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Omba nusu saa majini, na wewe uwe miongoni mwa wanaoibeba.