Kocha Mpya wa Kuteleza, Nakuru: Miezi Mitano Tukiwa Naye

Binti yangu ana umri wa miaka 13 na huteleza kwa viatu vya magurudumu manne, katika ule mtindo wa kisanii wenye miruko, mizunguko na muziki, wala si ule wa mbio ambao wengi hapa Nakuru huuona barabarani siku ya Jumapili. Mwezi Januari tulimwacha kocha aliyekuwa amemfundisha kwa miaka mitatu, tukazunguka kwa wiki sita tukiwajaribu wengine, na mwezi Machi tukatulia kwa mwalimu ambaye tathmini hii inamhusu. Jina lake sitaliandika kwa sababu aliniomba nisiliandike. Ana wanafunzi saba tu na hataki simu zaidi ya zile anazozipata sasa. Mzazi anayemtafuta atamkuta Jumamosi asubuhi katika uwanja wa simenti wa mpira wa vikapu, kwenye shule moja ya mtaa wa Milimani, akiwa na ndoo ya maji na kipande cha chaki. Habari ya ndoo hiyo nitaifikia.

Kocha wa kwanza alikuwa mtu mchangamfu, na watoto walimpenda. Kila mwezi binti yangu alirudi nyumbani na mruko mpya, na kila mwezi video yake ilitumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, nasi tukapiga makofi kwa vidole. Tulipokwenda kushindana Nairobi mwaka jana, karatasi ya alama ilirudi ikiwa na ishara ya «<» karibu kila mstari, na ikabidi mzazi mwenzangu anieleze kwamba ishara hiyo ina maana kuwa mruko haukukamilisha mzunguko wake, yaani mtoto alitua kabla mwili haujamaliza kugeuka. Wakati huohuo alikuwa ameanza kulalamikia maumivu chini ya kifuniko cha goti, mahali palipotokeza uvimbe mdogo mgumu. Daktari alituambia kwamba mtoto anayerefuka kwa kasi mifupa yake hutangulia misuli, na kano ya goti huvuta mahali iliposhikamana na mfupa wa muundi kila anaporuka na kutua. Nilipomwomba kocha apunguze miruko kwa muda, alinijibu kwamba mtoto wa kudekezwa hashindi. Sikubishana naye. Nililipa deni la mwezi na nikaaga.

Kuondoka huko kulisemwa sana, kana kwamba tumemwiba mtoto wetu wenyewe. Ninawakumbusha wanaosema hivyo kwamba mtelezaji wa barafu Yuzuru Hanyu aliiacha Japani mwaka 2012 akaenda Toronto kwa kocha Brian Orser, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na tena mwaka 2018. Orser huyohuyo aliachana na mwanafunzi wake Yuna Kim wa Korea Kusini mwezi Agosti 2010, miezi michache tu baada ya Kim kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver, na maneno yakawa mengi pande zote mbili. Kwa upande mwingine, Mmarekani Ilia Malinin, aliyekuwa wa kwanza kutua mruko wa Axel wa mizunguko minne na nusu katika mashindano mwaka 2022, alilelewa katika mchezo huu na wazazi wake wenyewe. Kuhama na kubaki, yote mawili yamewahi kuzaa matunda. Swali ni unahama kwa sababu gani.

Kabla ya kufika Milimani tulijaribu wawili. Mmoja yuko Kisumu na ana sakafu nzuri kuliko zote nilizoziona magharibi mwa Kenya, nyororo na iliyoezekwa, tena ni mwalimu hodari. Hata hivyo, kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 180, na baada ya safari tatu za kuondoka saa kumi na moja alfajiri, tukipita Mau Summit na Kericho mtoto akilala begani mwangu, nilikubali kwamba hakuna kocha anayeweza kumfundisha mtu aliyekwisha choka. Mwingine aliishi ng'ambo na alifundisha kwa video: tulimtumia picha, naye alizirudisha akiwa amezipunguza mwendo na kuandika maelezo chini ya kila sekunde. Maelezo yake yalikuwa sahihi, lakini kati ya maelezo na mguu wa mtoto nilibaki mimi, mwenye duka la vitambaa, nikiwa nimeshika simu na kusoma kwa sauti maneno nisiyoyaelewa.

Sasa ndoo. Siku ya kwanza mwalimu wa Milimani hakumwomba binti yangu aonyeshe mruko wake mkubwa kuliko yote, jambo ambalo makocha wote wawili tuliowajaribu walilifanya. Alimuuliza ni mruko gani anaouamini zaidi, naye akajibu Lutz. Mruko huo, kwa mtu anayezungukia kushoto, huanza kwa kwenda kinyumenyume kwa mguu wa kushoto huku uzito ukiegemea ukingo wa nje, yaani upande wa nje wa kiatu, kisha mtelezaji hujirusha na kuzunguka upande uliopingana na mkunjo aliokuwa akiufuata. Ugumu wote umo katika kupingana huko. Mwili hutafuta njia rahisi, na dakika ya mwisho kifundo cha mguu hulegea, uzito ukahamia ukingo wa ndani, na mruko ukawa flipu, mruko mwingine ulio rahisi zaidi, bila mwenyewe kujua. Kwenye barafu, mtelezaji anayefanya hivyo huwekewa alama ya «e» na hupoteza pointi. Lutz halisi ya mizunguko miwili ina thamani ya msingi ya 2.10, na flipu ya mizunguko hiyohiyo ina 1.80.

Mwalimu alimwaga maji kidogo kwenye simenti, akamwambia apite juu yake kwa magurudumu ya mguu wa kushoto kisha aruke kama kawaida. Aliporuka, walichuchumaa wote wawili. Mistari ya magurudumu ilikuwa imeandikwa sakafuni, miwili yenye maji mengi na miwili hafifu. Ilikwenda na mkunjo mzuri kwa hatua nne hivi, kisha mwishoni ikajipinda kuelekea upande wa pili, mfano wa mkia wa mjusi. Mwalimu aliuzungushia mkia huo duara la chaki na hakusema neno. Jua la saa nne lilikuwa linaikausha mistari kwa haraka, hivyo binti yangu aliinama zaidi ili aione kabla haijapotea, kisha akasema mwenyewe, «Mwalimu, hapa nimedanganya.» Kocha wa kwanza alikuwa ameutazama mruko huohuo kwa miaka miwili.

Baadaye nilitambua kwamba hila hiyo si ya ajabu kwa wanaoujua mchezo. Kwenye barafu chuma cha kiatu hujiandikia chenyewe, na zamani watelezaji walishindania usafi wa michoro waliyoiacha nyuma yao, hadi sehemu hiyo ilipoondolewa katika mashindano makubwa ya barafu baada ya mwaka 1990. Wanaotumia magurudumu bado wana michuano ya kufuata miduara iliyopakwa rangi sakafuni. Kipya kwangu kilikuwa kuona mtu aliyefikiria namna ya kuipata michoro hiyo kwenye simenti ya Nakuru kwa ndoo ya plastiki.

Uamuzi wake wa pili ndio uliowafukuza wazazi wawili niliowafahamu. Alisimamisha miruko yote kwa wiki sita. Kwa wiki hizo watoto walifanya kazi ya kingo, mizunguko ya chini, kuanguka na kuinuka, na kutua bila kuruka, yaani kushuka kutoka kwenye ngazi moja ya zege kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa, na kubaki hapo hadi mwalimu ahesabu tatu. Hesabu yake ni ya polepole kupita kiasi. Nilikiri moyoni kwamba nalipa fedha nyingi ili mtoto ashuke ngazi, lakini wiki ya nne aliacha kufunga barafu gotini usiku, na wiki ya saba, miruko iliporudi, nilisikia tofauti kabla ya kuiona: magurudumu yalipogusa chini hayakupiga tena kishindo.

Jambo la tatu ni dogo, lakini kwangu lilikuwa na uzito. Binti yangu ana ndoto ya barafu, kwa kuwa aliwahi kupelekwa na shangazi yake kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, ule uliofunguliwa mwaka 2005, na tangu hapo hatulali. Nilimuuliza mwalimu kama anaweza kumwandaa. Alijibu kwamba hajawahi kufundisha kwenye barafu, kwamba ncha ya kiatu cha barafu ina meno na cha magurudumu ina breki ya mpira, kwa hiyo namna ya kuchomeka mguu si ileile, na kwamba siku tutakapoamua kuelekea huko atatutafutia mtu mwingine na yeye atakaa pembeni. Kocha wa kwanza alituahidi barafu kila mwaka.

Kasoro zake zipo na zinaudhi. Uwanja hauna paa, na katika mvua za masika tulipoteza vipindi vitano, vitatu kati ya hivyo tukiwa tumekwisha fika getini, kwa sababu ujumbe wa kuahirisha hutumwa akiwa tayari anaona matone. Simu hapokei, ukitaka jambo, andika na usubiri hadi jioni. Simenti yenyewe ni ya kukwaruza, hivyo tulilazimika kununua magurudumu laini zaidi, na yale magumu ya sakafu za ndani yamebaki kabatini yakisubiri mashindano. Katika uchaguzi wa muziki ni mkaidi, na sijui ni nani aliyemwambia kwamba watoto wote wanapenda piano. Wazazi hawaruhusiwi kukaa kando ya uwanja. Siku ya kwanza aliniambia kwa adabu, «Mama, naomba ukae kwenye gari, mtoto anakutazama wewe badala ya kutazama anakokwenda,» na kwa kuwa sina gari, mimi hukaa kwa muuza chai ng'ambo ya barabara.

Ada ni shilingi 1,200 kwa kipindi cha dakika 90, vipindi viwili kwa wiki, jumla 9,600 kwa mwezi. Kocha wa kwanza alitoza 500. Stakabadhi haitoi usipomwomba, ila ujumbe wa M-Pesa unatosha. Kila mtoto ana daftari ambamo huandika mwenyewe mistari yake ya maji, mingapi ilinyooka na mingapi iliota mkia. Jumamosi iliyopita ya binti yangu ilikuwa minne safi katika kumi, na mwezi Machi hakuwa na hata mmoja.

Mwishoni mwa Julai, baada ya kuuza vizuri, nilitaka kumlipa miezi mitatu kwa mkupuo. Alinirudishia ya miwili jioni ileile, na chini yake akaandika kwamba anapokea ya mwezi mmoja tu, ili mzazi asishindwe kuondoka kwa sababu ya fedha zake.