TAHADHARI kwa wenye maduka ya pembejeo: wanaojidai kuteketeza dawa zilizopita muda wanazirudisha sokoni

Ndugu zangu wenye maduka ya pembejeo Uyole, Mwanjelwa, Mbalizi, Igurusi, Mlowo, Makambako mpaka Ilula, naomba msome hili lote, kisha mmtumie mwenye duka jirani. Kuna watu wanapita na Canter nyeupe. Wanasema wana kibali cha kukusanya dawa za shamba zilizopita muda na madumu matupu, wakayateketeze. Mimi niliwapa kilo 90, nikawalipa shilingi 2,000 kwa kila kilo, na nikawashukuru kwa kunipunguzia mzigo.

Dawa zile hazikuteketezwa. Nina uhakika, kwa sababu chupa moja imerudi dukani kwangu.

Imeletwa na mzee wa Isangati anayelima viazi, mteja wangu tangu nafungua duka. Alikuja asubuhi na mapema, ameishika chupa ya lita moja ya dawa ya wadudu ndani ya mfuko wa kaki. "Mwanangu, hii nimepiga mara mbili na vidukari wako palepale. Nielekeze nimekosea wapi." Alikuwa ameinunua mnadani, kwa bei iliyo chini ya yangu kwa elfu nne. Nikaiangalia. Lebo mpya, inang'aa, mwisho wa matumizi umeandikwa 2027. Nikaigeuza juu chini.

Hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu. Mzigo ukifika dukani nina kawaida ya kuandika mwezi chini ya kila chupa kwa kalamu nene ya bluu, ili binti yangu auze za zamani kwanza. Chini ya chupa kuna kile kiduara kilichoingia ndani kidogo. Ile chupa ilikuwa imesuguliwa pande zote kwa thina, harufu bado ilikuwepo, ila kitambaa hakikufika kwenye kiduara. Ndani yake kulikuwa na "M4" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hiyo dawa muda wake uliisha 2023. Nilikuwa nimeitenga stoo na nyingine kama hizo, na Canter ikazibeba zote.

Nilichukua glasi ya maji nikatia kifuniko kimoja. Dawa ya aina ile ikiwa nzima, maji yanageuka meupe kama maziwa na yanakaa hivyo. Hii ilielea juu matone ya mafuta, na chini ikajikusanya kama ute. Mzee aliangalia glasi, hakusema neno. Alikuwa ameshapiga ekari moja na nusu.

Sasa niwaambie walivyokuja, maana mtawatambua kwa haya. Walikuwa vijana wawili na baba mmoja wa makamo mwenye miwani, mpole, anasalimia vizuri. Aliniita "mama yangu" tangu neno la kwanza. Alikuwa na faili lenye karatasi nyingi za nembo, akanionyesha ukurasa mmoja mmoja kwa haraka. Alijua kazi yetu. Alinieleza hatari ya kukaa na dawa iliyopita muda, akataja ukaguzi na faini, na yote aliyosema ni kweli. Ndiyo maana nilimwamini. Mtu anayekudanganya kwa maneno ya kweli ni vigumu kumshtukia.

Ila kulikuwa na mambo matatu niliyoyaona kwa macho yangu nikayapuuza, na moja kati ya hayo lilitosha kumfukuza.

La kwanza ni madumu. Sisi wote tumefundishwa: dumu likiisha dawa, lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kupigia, kisha litobolewe lisitumike tena. Binti yangu alikuwa ameshaanza kutoboa kwa msumari. Yule baba akamzuia. "Yaache mazima, sisi tunahesabu kwa idadi, na lebo msizibandue." Jamani! Anayekwenda kuchoma au kusaga plastiki, tundu la msumari linampunguzia nini? Anayetaka dumu zima ni yule anayekwenda kulijaza kitu kingine.

La pili ni cheti. Alinipa cheti cha uteketezaji palepale mlangoni, gari halijawashwa. Kilikuwa kwenye faili lake, muhuri umeshagongwa, saini ipo, akajaza jina la duka na kilo tu. Nilikipokea nikakitundika ukutani. Cheti kinachosema mzigo umeteketezwa, na mzigo wenyewe nauona kwenye bodi ya gari!

La tatu ni malipo. Hakukuwa na risiti ya mashine ya EFD, alinichania ya kitabu. Namba aliyonipa nitume hela ilisoma jina la mwanamke ambalo halipo popote kwenye karatasi zake. Nilipouliza akasema ni mhasibu wao.

Ninachotaka mkielewe ni jinsi biashara hii inavyowalipa. Mwizi wa kawaida anaiba kwanza ndipo anapata. Hawa wanalipwa kabla, na mwenye mali, kwa hiari yake. Kisha wanauza mali ileile mara ya pili mnadani ikiwa na lebo mpya, na madumu wanayauza mara ya tatu. Gharama pekee waliyotakiwa kuingia ni kuteketeza, na hiyo ndiyo wanayoikwepa. Na si ndogo. Sumu za mashambani hazichomwi kwenye shimo nyuma ya nyumba. Zinahitaji tanuru maalumu lenye joto kali, zaidi ya nyuzi 1,000, la sivyo moshi wake nao unakuwa sumu. Kwa hiyo mtu anayekuja na bei nyepesi jiulize atalipia wapi hilo tanuru.

Nchi yetu ina kovu la jambo hili. Vikuge, kule Kibaha, miaka ya 1980 ilipokelewa shehena ya dawa za msaada, nyingine zikiwa tayari zimepita muda. Zikawekwa bandani, banda likaanguka, na miaka mingi baadaye watafiti walipopima udongo walikuta DDT, ile sumu ya wadudu ya zamani, bado imo.

Niseme kuhusu madumu, maana hili linaniuma kuliko hela. Baada ya mzee kuondoka nilifunga duka nikaenda mnadani mwenyewe. Dawa sikuziona, siku hiyo muuzaji hakuwepo. Nilichokiona ni madumu ya lita tano yamepangwa juu ya turubai, masafi, yanauzwa shilingi 1,500. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshalipia mawili. Nikamuuliza ya nini. Ya maji ya kunywa, akasema, na jingine la maziwa. Nilifungua kifuniko nikamnusisha. Alirudisha uso nyuma haraka. Nilimlipa 3,000 yake nikayachukua, yako hapa stoo nimeyatoboa. Lakini mangapi yameshafika majumbani? Plastiki ile inanyonya sumu, huwezi kuimaliza kwa sabuni na mchanga. Nimeambiwa pia na watu wa upande wa Igurusi kwamba madumu yanaoshwa kwenye mfereji unaoingia mashamba ya mpunga. Hilo sikuliona mwenyewe, nalisema ili mwenye macho kule aangalie.

Na kama una dumu la namna hiyo nyumbani na mtu akaanza kutoa mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, usimpe maziwa ukisubiri. Mkimbize kituo cha afya, na ubebe dumu au chupa mganga asome lebo.

Nimesharipoti. Nilizunguka ofisi tatu kwa siku mbili, na nilichojifunza ndicho kinachowapa hawa watu nafasi. Kila ofisi inashika kipande chake. Viuatilifu, yaani hizi dawa za shamba, lebo na ruhusa ya kuviuza viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Taka hatarishi na vibali vya kuzikusanya na kuzisafirisha ni mambo ya baraza la mazingira, NEMC, na wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. Kupima kilichomo ndani ya chupa ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Karatasi za kughushi na wizi ni Polisi. Risiti ya uongo ni TRA. Ukienda na chupa tu, wanaona chupa. Ukienda na risiti tu, wanaona risiti. Genge lenyewe limejigawa hivyohivyo: anayekusanya si anayebandika lebo, na anayebandika lebo si anayesimama mnadani. Ukimkamata wa mnadani atasema ameuziwa na mtu asiyemjua, na pengine ni kweli.

Uingereza, walipoona taka zimeshakuwa biashara ya magenge, Januari 2020 walianzisha kitengo cha pamoja: watu wa mazingira, polisi, wapelelezi wa uhalifu mkubwa na watu wa kodi wakafanya kazi pamoja. Watu wa kodi wamo kwa sababu kule kufukia taka kunatozwa kodi tangu 1996, hivyo anayetupa porini anabaki na hela ya mteja na ya serikali. Na kule ukimkabidhi taka zako mtu asiye na leseni, zikakutwa zimetupwa, na wewe unaweza kupigwa faini. Hata kwa sheria zetu usidhani ukishakabidhi umenawa mikono. Chupa ile ina alama yangu mimi.

Kwa hiyo nilichofanya siku ya tatu, fanyeni hivyo. Niliandika taarifa moja yenye kila kitu: tarehe, kilo, picha ya cheti, risiti ya kitabu, ujumbe wa muamala, picha ya chini ya chupa. Nikatoa nakala tano, kila moja ikaonyesha juu imepelekwa kwa nani wengine. Aliyepokea akajua na mwenzake anayo. Ndani ya wiki nilipigiwa simu na maofisa kutoka ofisi mbili tofauti wakiwa tayari wameshaongea wao kwa wao, wakaja kuchukua chupa pamoja na kuiweka lakiri mbele yangu.

Akija kwenu, msimfukuze kwa kelele. Mwambie bosi hayupo, arudi kesho. Piga picha ya gari. Mwombe namba za vibali, uzipeleke ofisini wewe mwenyewe kabla hujatoa hata chupa moja, na uliza kibali ni cha nini, maana kusafirisha ni kimoja na kuteketeza ni kingine. Uliza mzigo unakwenda kwenye tanuru gani, mji gani. Mimi sikuuliza. Na toboeni madumu yenu leo, msisubiri mtu.

Wenye maduka mliokwisha kumpa mzigo, najua mpo, kwa sababu mnadani kulikuwa na madumu ya dawa ambazo mimi siuzi. Msione aibu wala msiogope ukaguzi mkanyamaza. Kama mna alama yenu ya dukani, ya kalamu, ya stika, hata mkwaruzo wa msumari, nitumieni picha yake. Jumamosi narudi mnadani na mmoja wa wale maofisa, na nataka niwe na alama zenu zote kwenye simu tutakapoanza kugeuza chupa.