Majoho ya kwaya, Kiyembe: fundi asiyepunguzia kanisa bei

Tangu Pasaka naulizwa na kwaya jirani majoho yetu ya zambarau tumeshona wapi, basi nijibu wote kwa mpigo. Ni kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kiyembe, hapa Kampala, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Ufundi ni shilingi 45,000 kwa joho, kitambaa unajinunulia.

Bei haishuki. Mwenyekiti wetu alimbembeleza, "Ssebo (yaani bwana), hii ni kazi ya Mungu." Akajibu, "Ndiyo maana siilipui." Wazee wawili walinuna. Mimi sioni kosa. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, akala jasho lake. Kinachoniudhi ni fundi anayebandika aya za Biblia mlangoni halafu anakupiga kalenda mpaka sikukuu inapita. Huyu aliandika tarehe kwenye risiti, na tarehe hiyo mzigo ulikuwa umefungwa unatusubiri.

Sasa kazi yenyewe. Alipotupima hakutaka tusimame kama askari. "Mama, imba kama unavyoimba Jumapili, inua mikono." Nikaimba mbele ya wateja, kwa aibu, na tepu ikapita kwapani mikono ikiwa juu. Hapo kwapani ametia kipande kidogo cha pembe nne, hukioni mpaka ukigeuze joho. Majoho ya zamani yalikuwa yakipanda hadi magotini kila tukifika pambio, haya hayasogei. Mpiga ngoma alipunguziwa upana wa mikono ili isinase fimbo. Geuza ndani: kila mshono umezibwa, hakuna uzi unaoning'inia. Hata vipande vya kitambaa vilivyobaki alivirudisha, tumevishonea stola, vile vitambaa vya kuvaa shingoni, za watoto. Wangapi hurudisha?

Kanisani tukitaja karama, macho yote yanakwenda kwa mwenye kipaza sauti. Wakati kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinamtaja fundi Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu apate kuchonga mbao na kukata vito, na Oholiabu mtia taraza, yaani nakshi za uzi. Tena wote wawili wakapewa moyo wa kufundisha. Huyu fundi naye ana mabinti wawili anaowafunza. Mmoja alikosea pindo la joho langu, akaambiwa alifumue alishone upya, kwa upole, bila kelele, na mimi nikasubiri. Petro anaposema kila mmoja aitumie karama aliyopokea kwa kuwahudumia wengine, mimi sasa namwona binti yule na wembe wake wa kufumulia.

Kasoro zipo. Chumba ni finyu, hakuna pa kujaribia nguo isipokuwa nyuma ya pazia lisilofika chini. Akina mama vaeni kitu ndani. Ngazi zitawachosha wenye magoti. Simu hapokei akiwa mashineni, mtumie ujumbe. Kazi zikimzidi anakukatalia waziwazi, jambo lililowakera wenzetu wa kwaya moja waliomwendea Desemba. Nyota nne kwa tano, ile moja imebaki kwenye pazia.

Mkienda, nendeni wanakwaya wote, msipeleke vipimo kwenye karatasi. Ijumaa anafunga mapema na Jumamosi hafungui kabisa, ni Msabato.