Uzoefu wangu wa darasa la taiji na qigong hapa Tabora, kwa wenye magoti yanayouma

Darasa la taiji na qigong, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole unaokwenda na pumzi, linalofanyika asubuhi chini ya miembe, hapa Tabora mjini, linastahili ada yake kwa mtu ambaye magoti yanamsumbua, kwa sharti kwamba ahudhurie mwenyewe mbele ya mwalimu na asitegemee video za kwenye simu. Nimelihudhuria tangu kiangazi cha mwaka jana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na miaka mingi ya kusimama ubaoni imeniachia goti la kushoto lililosagika. Daktari aliyenipima alinieleza bila kuzunguka kwamba gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa ndani ya goti, likishalika halirudi kuwa kama zamani, hivyo lililobaki ni kuimarisha misuli inayolishika goti, kupunguza uzito na kutokubali kukaa kitako siku nzima.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, inalipwa taslimu au kwa simu, na vipindi ni mara tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hakuna sare. Akina mama wengi huja na dera na suruali ndani, wazee huja na raba za kawaida, na mwalimu husisitiza jambo moja tu, kwamba soli iwe bapa na isiwe nene.

Nusu ya kwanza ya kipindi ni qigong, hasa seti iitwayo Baduanjin, ambayo ina mazoezi manane na imejulikana China tangu enzi ya Song (960–1279). Ni mazoezi ya kusimama, hayahitaji nafasi kubwa wala kifaa chochote. La kwanza ni kupishanisha vidole vya mikono miwili na kuinua viganja hadi juu ya kichwa kana kwamba unaitegemeza mbingu. La pili ni kuvuta upinde, kushoto na kulia. La mwisho ni kujiinua kwa vidole vya miguu na kuviachia visigino viguse chini kwa mtikiso mdogo, mara saba. Kwa mwenye goti bovu, hatari iko katika zoezi la tano, ambalo hudai ukunje magoti na kushuka kama aliyepanda farasi huku ukizungusha kiwiliwili na kichwa. Katika video nyingi utamwona kijana ameshuka hadi mapaja yamelala sawasawa na ardhi, na mzee anayejaribu kumwiga ataamka kesho yake goti limevimba. Mwalimu wetu hutuacha tusimame juu, tukikunja goti kidogo sana, na wawili kati yetu hulifanya wakiwa wamekaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa maoni yangu, uamuzi huo peke yake unalipia ada ya mwezi mzima.

Nusu ya pili ni taiji yenyewe, ile seti fupi ya miondoko 24 ambayo kamati ya taifa ya michezo ya China iliitunga mwaka 1956 kutokana na mtindo wa ukoo wa Yang, ili wananchi wa kawaida waweze kuijifunza. Asili ya mtindo huo ni Yang Luchan, aliyefariki mwaka 1872, ambaye alijifunza katika kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, kisha akaenda kufundisha Beijing. Ni sanaa ya kupigana, na hilo lisifichwe: kila mkono unaopanda taratibu una kazi ya kuzuia au kusukuma. Upole wake ndio unaotufaa sisi, kwa kuwa anayekwenda polepole hawezi kuuficha udhaifu wa mguu wake kwa kasi.

Naomba nieleze hatua moja kwa undani, maana humo ndimo nilimoona faida. Katika mwendo wa kawaida tunatupa mguu mbele na uzito wote unaufuata papo hapo, kwa hiyo goti linapokea mzigo kabla halijajiandaa. Katika taiji mguu hutangulia ukiwa mtupu: kisigino kinagusa chini kwanza, unyayo unalala, goti linatazama upande uleule vinakotazama vidole, ndipo uzito unahamishwa kutoka mguu wa nyuma, kidogo kidogo, hadi mguu wa mbele umejaa. Ardhi ya Tabora ni ya kichanga, na mwalimu hulitumia hilo vizuri sana. Tukishapiga hatua hutuomba tusogee pembeni, kisha huinama na kuzisoma nyayo zetu. Wangu wa kushoto ulikuwa umezama upande wa ndani, chini ya kidole gumba, na ukingo wa nje ulikuwa haujaacha alama yoyote, ishara kwamba goti langu lilikuwa linaangukia ndani kila nilipolikunja. Miaka yote ya kunywa dawa za kutuliza maumivu hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijirekebisha hata ninapoteremka ngazi au ninapoinuka kwenye mkeka.

Mwalimu mwenyewe ni kijana wa hapahapa, wa rika la kitindamimba wangu, aliyejifunza taiji alipokuwa masomoni China. Kumfundisha mtu mzima namna ya kusimama si kazi rahisi katika mila zetu, na anaimudu kwa adabu. Hutoa shikamoo kwa kila mzee kabla ya kipindi, na anapotaka kukurekebisha husema, “Samahani mama, naomba tulitazame goti la kushoto,” bila kukugusa mpaka umemruhusu. Mwanzoni alikuwa akisimama mbele akitutazama, na kulia kwake kukawa kushoto kwetu. Tulipomwomba ageuke atupe mgongo, aligeuka palepale bila kununa.

Kwa anayetaka ushahidi zaidi ya maneno ya mama mmoja mstaafu, upo. Mwaka 2016 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 204 wenye ugonjwa wa kusagika magoti, ambao nusu walifanya taiji mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 na nusu walipewa tiba ya viungo ya kawaida. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Miongozo ya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani ya mwaka 2019 nayo inaipendekeza taiji kwa nguvu kwa magoti na nyonga zilizosagika. Hakuna aliyesema kwamba gegedu linaota tena, na mimi pia sisemi. Ninachosema ni kwamba sasa naweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu, na maumivu ya usiku yamepungua sana.

Utulivu wa moyo ulikuja baadaye, na ulikuja kwa njia ya pumzi. Tunafundishwa kuvuta hewa kwa pua hadi tumbo litanuke, kisha kuitoa taratibu kuliko tulivyoivuta, tukiufuatisha mwendo wa mikono. Wachina huizungumzia qi, nguvu ya uhai inayopita mwilini, na mwalimu hutueleza hivyo kama wanavyoamini wao; kwangu imetosha kwamba mawazo yanapokuwa yameshughulika na mkono na pumzi, hayapati nafasi ya kuhesabu madeni na karo za wajukuu. Usingizi wangu umekuwa mzito zaidi. Kwa wale wanaouliza kama ni dini, jibu langu ni kwamba sijaona sala, ubani wala sanamu, na katika mstari wetu wamo wanawake wa hijabu na watawa wa Kikatoliki wakivuta upinde mmoja.

Kasoro zipo, na ya kwanza naiona kubwa. Kipeperushi cha darasa kilidai kwamba mazoezi haya yanatibu kisukari na presha. Nilimweleza mwalimu kwamba maneno hayo yanaweza kumfanya mtu aache vidonge vyake. Akafuta kisukari, lakini presha bado imo. Namheshimu sana, na ninamwomba tena aifute, hasa kwa vile yeye mwenyewe, darasani, humkataza kila mtu kuacha dawa bila idhini ya daktari. Pili, Jumamosi tunakuwa wengi mno, na mwanafunzi mpya anaweza kumaliza kipindi bila kuangaliwa hata mara moja. Anayeanza aje siku za katikati ya wiki. Tatu, hakuna choo cha karibu, jambo ambalo kwa watu wa umri wetu si dogo.

Mwenye goti lililovimba, lenye joto au linalokwama aanze hospitali kabla ya kuja. Mwingine yeyote alipe mwezi mmoja, amweleze mwalimu mapema ni kiungo gani kinachomuuma, na akatae kushuka chini kuliko goti lake linavyomruhusu, hata kama jirani yake ameshuka. Mimi nimeshalipia mwezi ujao. Mvua za Novemba zikianza tutahamia kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji, ambayo huteleza ikilowa, na nimeshamwomba mwalimu atafute mikeka ya mpira kabla ya wakati huo. Ameahidi, na akiitimiza ahadi hiyo nitaiongeza habari yake hapahapa.